Baba wa Binti Hasemi

Mto Potomac nimepita kandoni mwake miaka zaidi ya ishirini bila kuuona. Dereva wa teksi atanielewa. Kule Georgetown, chini ya kilima chenye chuo kikuu cha minara ya mawe, nimeshusha wanafunzi, wazazi wao, maprofesa, walevi na mabibi harusi. Kila mlango ulipofungwa niliondoka, maana ukisimama dakika mbili unakuta karatasi ya faini kwenye kioo. Abiria walishuka wakisifu mto. Mimi nilijua taa zake, kona zake, na mahali pa kugeuzia gari.

Siku niliyoutazama nikiwa nimekaa ilikuwa Jumamosi moja ya mwezi wa tano, na nilikuwa nimekatazwa kusema.

Tulikuwa tunapokea posa ya binti yetu. Posa kwetu hupokelewa nyumbani. Wageni wanapiga hodi, wanavua viatu, wanaona mnapokaa na mnachokula. Binti alitaka ifanyike mtoni, kwenye meza za mbao karibu na maji, eti hali ya hewa ni nzuri na wakwe wanakaa jirani, kwa kuwa baba wa kijana anafundisha hapo hapo chuoni. Nikamwuliza nyumba yetu ya Alexandria, ng'ambo ya mto, imekosa nini.

"Nafasi ni ndogo, Baba."

Nafasi ipo. Sebule ile imeshapokea watu arobaini kwa mara moja, wengine wamekaa kwenye ngazi na sahani mapajani. Ila ukutani nimetundika leseni zangu za teksi, zote, kwenye fremu, kama wengine wanavyotundika vyeti vya shule. Vyeti vya shule mimi sina. Niliacha darasa la nne, na sikufukuzwa na mtu.

Halafu akaniambia kwamba kwa mila zetu baba wa binti hasemi, anasema msemaji. Mila hiyo naijua tangu yeye hajazaliwa. Yeye aliijua wiki ile, ilipomfaa. Msemaji alishamtafuta mwenyewe: Mtanzania mwenzetu wa mji wa Falls Church, mtu wa kompyuta, mwenye suti na Kiswahili cha kusoma taarifa ya habari. Nilielewa vizuri kilichokuwa kinafanyika. Mwanangu alikuwa ananificha. Nikakubali kwenda, kwa sababu ni mwanangu, na kwa sababu nilitaka kuona atanificha mpaka wapi.

Ndani ya gari mke wangu akaniambia, "Leo ukae kimya, mzee wangu. Ukifungua mdomo utarudi kwa basi."

"Gari la nani?"

"Funguo nitakaa nazo mimi."

Tukafika mapema. Sitasema uongo, mto ule ni mzuri. Mvua ilikuwa imenyesha juzi yake na maji yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa, mengi, yanakwenda bila haraka chini ya daraja la matao. Ng'ambo ni Virginia, majengo ya vioo. Ndege zinashuka kwa kufuata mto kama vile ndio barabara yao, moja baada ya nyingine, mpaka uwanjani. Wanafunzi walikuwa wanapiga makasia, wanane kwenye mtumbwi mwembamba kama fito, wote wameupa mgongo upande wanakokwenda. Wa tisa alikaa mwisho kabisa, hana kasia, kazi yake kupiga kelele. Nikamwonyesha mke wangu.

"Yule naye analipwa?"

"Nimekwambia nini kuhusu mdomo?"

Wakwe wakaja, Wakenya, watu wa heshima. Profesa alivaa kofia ya majani, mkewe amebeba chupa ya chai ingawa sisi tulikuwa na zetu mbili. Kijana mwenyewe hakuwepo, ndivyo inavyotakiwa. Binti akaenda kukaa benchi la pembeni, hatua chache, uso umeelekea majini lakini masikio yako kwetu. Tukala sambusa, tukaulizana habari za safari, ingawa wao walikuja kwa miguu. Kisha msemaji wetu akasimama, akafunga kifungo cha koti.

"Waheshimiwa wageni wetu, mzee wetu huyu ni mdau wa muda mrefu katika sekta ya usafirishaji."

Profesa akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Usafirishaji wa mizigo?"

"Mchanganyiko," msemaji akasema.

"Na kampuni iko huku ama nyumbani?"

Msemaji akamtazama binti yangu. Binti akatazama mto.

"Ni shughuli iliyogusa maeneo mengi ya jiji," akasema msemaji.

Hilo kweli halikuwa uongo. Profesa akauliza tena, kwa upole, mzee alisomea wapi mambo hayo. Msemaji akafungua mdomo. Nikaweka kikombe chini.

"Hilo nitajibu mwenyewe."

"Mzee, utaratibu wetu..."

"Kaa, mwanangu. Umejitahidi." Nikasimama. Mke wangu akanifinya paja, nikabaki nimesimama hivyo hivyo. "Profesa, mimi nilikuwa dereva wa teksi. Kampuni sina. Gari moja, dereva mmoja, na magari matano nimeyamaliza mpaka yakakataa kuwaka. Shule niliishia darasa la nne. Kiingereza nimejifunza kwa kusikiliza mke na mume wakigombana kiti cha nyuma. Kilima chako kile nimekipanda mara nyingi kuliko wewe. Huenda hata wewe nimeshakubeba, na kama uliufunga mlango kwa nguvu, nimekusamehe."

"Baba, please," binti akasema kutoka kule benchi.

Sikugeuka. "Kama kijana wenu amekuja kuoa binti wa tajiri wa malori, huyo hayupo hapa, mkamtafute. Aliyepo amelelewa na teksi. Kula yake, viatu vyake, ada yake. Mimi sioni mahali pa kuficha hapo."

Nikakaa. Mtumbwi wa wanafunzi ukapita tena, ukarudi juu. Profesa alivua miwani, akaifuta kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Msemaji alikuwa anasoma simu yake, na nadhani haikuwa na ujumbe wowote.

Mama wa kijana ndiye aliyeanza. "Kwetu baba akivunja mila anapigwa faini."

"Hata kwetu," msemaji akadakia, kwa furaha ya mtu aliyepata pa kushika.

"Ngoja kwanza. Binti aitwe."

Huo ndio wakati ambapo binti huitwa mbele ya wazee, akaulizwa kama wageni anawafahamu. Akisema ndiyo, mazungumzo yanaendelea. Akisema hapana, watu wanakusanya vyombo. Binti yangu akaja, akasimama mbele ya meza, macho mekundu.

Yule mama akamwambia, "Sisi unatujua, hatutapoteza wakati. Huyu mzee anayesema alikuwa dereva wa teksi, unamjua?"

Msemaji akataka kuingilia, kwamba swali halikuwa hilo. "Wacha ajibu," mama akasema.

Mimi si mwoga, lakini hapo niliogopa. Angeweza kucheka, akasema baba anapenda utani, na wote wangecheka naye kwa adabu. Nilishaamua nitafanya nini. Ningeinuka, nipande kilima kwa miguu nikatafute basi, na harusi wangeifanya na huyo mdau wa usafirishaji.

Alijibu kwa Kiingereza, kama anavyojibu siku zote, kwa hasira, bila kunitazama. Akasema anamjua. Akasema ni baba yake. Akasema kuanzia darasa la kwanza mpaka alipokwenda chuo, kazi za shule alizifanyia kwenye kiti cha mbele cha teksi ile, kwenye foleni ya uwanja wa ndege, na mpaka leo akisikia harufu ya dawa ya viti anataka kufungua daftari. Akasema alimwomba kitu kimoja tu, anyamaze, na mtu huyu hajawahi kumsikiliza mtu yeyote maishani mwake.

"Hilo nalo ni kweli," mke wangu akasema.

Profesa akavaa miwani. "Basi faini yake, atuambie njia ya kukwepa foleni ya daraja hili saa kumi na moja jioni."

"Hiyo ni siri ya kazi," nikamwambia. Sikumwambia, na mpaka leo hajui.

Msemaji akauliza aendelee kutoka wapi. Mama wa kijana akamjibu, "Kutoka kwenye teksi."

Akaendelea, na posa ikapokelewa. Binti hakunisemesha mpaka Jumatano. Sikumwomba radhi, na sina mpango. Harusi ilipofika alitaka msemaji yule yule asome maneno ya familia ukumbini. Nikasema sawa, asome. Ila karatasi niliandika mimi, kwa mkono wangu, pamoja na makosa yake yote, na nikakaa kiti cha mbele kuhakikisha haruki mstari.