Ukurasa wa Mwisho Barazani kwa Mama Faraja

Husna alipewa kazi ya kusoma kwa sababu ya ngozi yake. Mafuta ya ganda la korosho yalimchubua vidole hata akipaka majivu, basi wabangua korosho wenzake wa Ziwani wakakubaliana: wao wabangue, yeye awasomee hadithi barazani kwa Mama Faraja, na kila mmoja amtengee konzi moja ya korosho kutoka fungu lake.

Riwaya ya msimu huu aliinunua stendi ya Mtwara mjini. Ilimhusu Sabrina, mhasibu wa Dar es Salaam, ambaye mchumba wake Kelvin alitoweka bila kuaga, na sasa amerudi anataka ndoa. Husna alipofika hapo alijiona mwenyewe. Maana hata yeye aliposwa, na mchumba wake Rajabu akavuka mto Ruvuma kwenda kuuza samaki Msumbiji, akanyamaza misimu miwili, simu haipatikani. Wiki iliyopita kaibuka, tena kanenepa, kamtuma mshenga wake Mzee Ismaili. Mzee angekuja leo baada ya alasiri, hapohapo barazani, kuchukua jibu.

Jibu lenyewe Husna hakuwa nalo. Akikumbuka kicheko cha Rajabu, anataka kukubali. Akikumbuka alivyokuwa akiulizwa kisimani habari za mchumba, anatamani kumfukuza mshenga na mkongojo wake. Hasira na hamu vilimjia kwa pamoja. Akajiambia atamtazama Sabrina. Mtu msomi vile hakosi kujua la kufanya.

Asubuhi, kabla wenzake hawajafika, akachungulia mwisho wa kitabu. Kelvin anashuka kwenye gari jeupe, Sabrina anamwangukia kifuani, machozi, harusi, basi. Husna akakagua jalada la nyuma, asije akawa amenunua kitabu kilichochanika. Kilikuwa kizima. Mtu kapotea kurasa zote zile, halafu mwandishi hana hata haya ya kumwuliza alikuwa wapi! Au mtu akipenda haulizi? Husna hakujua tena kama kibovu ni kitabu au mbovu ni yeye.

Wenzake walipokaa na vigongo vyao vya kubangulia, akasoma hadi alasiri, mpaka gari jeupe likasimama. Hapo akainua macho kutoka kwenye ukurasa.

"Sabrina hakumkumbatia," akasema, na hilo halikuandikwa. "Akamwuliza, Kelvin, ulikuwa wapi?"

Wabangua wakaacha korosho, wakasogea.

"Enhe!" Mama Faraja akapiga paja. "Huyo ndiye mwanamke! Akajibu nini?"

Husna akatazama karatasi. Akajaribu kumtungia Kelvin neno: alifungwa, aliugua, alioa. Kila alilolishika lilimjia na sura ya Rajabu, na kila moja lilimuuma kivyake.

"Soma basi, mwanangu, usituue," Mama Faraja akahimiza.

"Hajajibu."

"Hajajibu vipi, na kitabu ndo kimekwisha?" Nasra, aliyekaa karibu naye, akanyoosha mkono kwenye mkeka. "Mie konzi yangu nachukua. Hadithi gani hii!"

Wakacheka, na mmoja mmoja wakazichukua korosho zao mpaka mkeka wa Husna ukabaki mtupu. Hakuwazuia. Aliona wana haki, kwa kuwa hata yeye alijihisi kapunjwa.

Kabla hawajatawanyika, Mzee Ismaili akapiga hodi barazani.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, binti yangu. Nimpelekee nini Rajabu?"

Husna akainuka. Kitabu bado kilikuwa mkononi.

"Mwulize alikuwa wapi."

Mzee akakuna kidevu. Hakuzoea kutumwa hivyo. "Na akinieleza, ndiyo umekubali?"

"Sijui, babu," akasema Husna, na machozi yakamtoka. "Wallahi sijui. Ila aje aseme mwenyewe, nami nimsikie."

Nasra alimtazama Husna, akatazama kitabu, akaelewa swali la Sabrina lilikuwa la nani. Kisha akachota konzi yake, akaongeza na nyingine, akazimwaga zote kwenye mkeka wa Husna.