Diski ya Swaumu

Bi Asmahani, mama mwenye nyumba tunayopanga hapa Isevya, alikuwa anapiga video upande wa wanawake. Kwenye harusi za Waislamu wa Tabora kuna shughuli ya ndani ambayo mwanaume haingii. Huko wanawake wanavua mitandio, wanacheza wanavyotaka, na bibi harusi anakaa katikati na hina yake mpya. Kamera ya mwanaume haifiki huko. Ya Bi Asmahani ilifika, na kabla hajaiwasha alikuwa anasimama mbele ya watu anawaambia kwamba picha hii mwanaume hataiona maadamu yeye yuko hai. Ndiyo maana walimwita yeye. Wapo waliokuwa na kamera nzuri kuliko yake, hawakuitwa.

Siku hizi haitwi tena. Kila mtu ana simu, na shughuli ikiisha saa hiyo hiyo imeshasambaa. Alibaki na sanduku la bati chini ya kitanda limejaa diski, na laptopu kuukuu ambayo haikai bila waya wa umeme. Watu wa nyumbani walikuwa wanamtania kwamba analinda vichwa vya wanawake ambao wengine sasa wana vipara. Alikuwa anacheka kidogo, halafu anarudisha kufuli.

Mwezi wa kumi, joto la kabla ya mvua, alikuja Mama Swaumu. Alikuja na diski imefungwa kwenye khanga. Binti yake Swaumu aliolewa Urambo, kwa watu wa tumbaku, na alifariki akijifungua mtoto wake wa kwanza. Mtoto akapona. Ni Majidi, yuko darasa la kwanza, analelewa na bibi yake huyu. Wenzake shuleni wamemtania kwamba mama yake ni picha ya ukutani. Akarudi nyumbani akamuuliza bibi yake mama alikuwa anaongeaje.

"Nataka amsikie, dada," Mama Swaumu alisema. "Pale mwishoni, aliposimama kuniaga. Kwingine kote unaweza kuacha. Lakini pale usiniachie."

Sauti ya Swaumu haikuwepo mahali pengine. Simu yake ilipotea msibani. Bi Asmahani alikuwa amechoma diski mbili tu za shughuli ile. Moja ilienda Urambo na bibi harusi, haikuonekana tena. Kanda ya kamera ilisharudiwa kurekodia harusi nyingine, maana kanda zilikuwa ghali. Imebaki hii ya kwenye khanga.

Na hii ilikuwa mgonjwa. Bi Asmahani aliinyanyua dirishani, na mimi nikaona ukingoni imevimba na kubabuka, mwanga unapita. Diski inaanza kusomwa katikati inaenda nje, kwa hiyo mwisho wa shughuli uko pale pale ukingoni palipobabuka. Aliiweka kwenye deki. Mwanzo ulikwenda vizuri, wageni wanaingia. Ngoma ilipoanza, picha ikaanza kukwama, akaizima haraka kama mtu aliyegusa jiko.

Njia ilikuwa moja, kuitoa picha kwenye diski na kuiweka kwenye laptopu, halafu kwenye flashi. Swali likawa aitoe kwa programu gani. Mama yule hakutaka kazi ya kulipua. Ameshaona diski zinazohamishwa madukani, sura za watu zinakuwa kama uji uliomwagika. Akasema mtoto akimwona mama yake mara ya kwanza, amwone na macho yake na meno yake.

Karibu na soko kuu kuna fundi wa video anaitwa Awadhi. Ana mashine kubwa, na ana programu ya kusomea diski mbovu. Anamwita Bi Asmahani shangazi. Bi Asmahani alimpigia, simu ameiweka sauti kubwa, akamtajia programu tatu alizokuwa nazo kwenye laptopu, akauliza ipi inatoa picha safi.

Awadhi akacheka. "Shangazi, unataka kunifungia duka?" Halafu akauliza, "Diski yenyewe nzima?"

Bi Asmahani akaniangalia mimi, akaangalia sanduku.

"Nzima," akasema.

Basi Awadhi akamjibu kama mtu mwenye diski nzima. Alimwambia asisikilize maneno ya watu, ajaribu zote tatu kwa kipande kile kile, chenye watu wanaocheza, maana picha ikitulia kila programu inaonekana nzuri. Ashughulike na ubora, asijali muda.

Alipokata simu nikamwuliza kwa nini amesema nzima. Akasema angesema mbovu, Awadhi angesema ilete. Na hakuna fundi anayetengeneza picha bila kuiangalia.

Majaribio hakuyafanya kwa diski ya Swaumu. Aliihurumia, hakutaka kuichosha. Alitoa sandukuni diski ya harusi nyingine, nzima kabisa, akakata kipande cha wanawake wanapiga makofi, akakipitisha kwenye programu zote tatu. Tulikuwa tunaangalia hina mikononi. Programu ya kwanza ilikuwa na haraka sana, lakini ilibana picha mpaka hina ikawa uchafu tu. Ya pili hina ilionekana, ila mikono ikihama ilitoa mistari kama meno ya kitana. Ilikuwa na kitufe cha kunakili kwanza diski yote kama ilivyo, bila kugusa picha. Bi Asmahani alikisoma, akasema hicho ni cha kujaza mashine bure. Ya tatu ilikwenda taratibu mno, lakini ua la hina ulilihesabu jani kwa jani. Akachagua ya tatu. Alifurahi, sijawahi kumwona amefurahi vile na laptopu ile.

Jumamosi asubuhi Mama Swaumu akaja na Majidi, amevishwa shati la Idi. Bi Asmahani alifuta diski kwa kitambaa laini, akasema bismillahi, akaanza.

Programu ile ya tatu ilikuwa haichukui diski yote kwa mara moja. Inasoma kidogo, inatengeneza, inasoma tena, na muda wote huo diski inazunguka. Pembeni kulikuwa na kipicha kidogo kinaonyesha ilipofika. Wageni wakaingia, wasafi, unawatambua. Majidi akachoka akaenda kucheza uani. Bati la paa lilianza kulia kwa jua. Laptopu ikawa moto, nikaweka kitambaa kibichi pembeni yake. Ngoma ilipofika, diski ikaanza kukwaruza, inasimama, inajaribu, inazunguka tena. Bi Asmahani aliweka kiganja juu ya laptopu na hakukitoa.

Swaumu alitokea akicheza. Mama yake akajifunika mdomo kwa khanga. Akaniambia nimwite mtoto, nikamwita. Alipoingia, Swaumu kwenye picha alikuwa ameshakaa, ameshikwa bega, anaambiwa anyanyuke aage. Akanyanyuka. Akafungua mdomo.

Picha ikasimama hapo. Diski ilikwaruza kwa muda, halafu kimya, na yakatokea maandishi kwamba haisomeki.

Bi Asmahani aliitoa, ilikuwa ya moto, ukingo umebabuka zaidi. Aliipepea, akairudisha. Laptopu haikutambua hata kwamba kuna diski. Akajaribu kwenye deki, hivyo hivyo.

"Amesema?" Mama Swaumu aliuliza.

"Bado."

"Bado, au haisemi tena?"

Mama Swaumu akamwuliza kwa nini haikupelekwa kwa Awadhi tangu mwanzo, maana kila mtu mjini anajua ana mashine za diski mbovu. Bi Asmahani akamweleza kuhusu ahadi, kwamba mle ndani Swaumu yuko kichwa wazi, na wanawake wengine wengi, na yeye aliwaapia.

Mama Swaumu alimsikiliza mpaka akamaliza. Hakupandisha sauti.

"Siku ya kumzika walimbeba wanaume mpaka kaburini, mimi nikaambiwa nibaki ndani. Leo ndiyo unanifichia mwanangu asionwe na wanaume?"

Akamshika Majidi mkono wakatoka.

Mchana ule ule Bi Asmahani alivaa baibui akapeleka diski kwa Awadhi mwenyewe, nilimfuata. Awadhi aliigeuza kwenye taa. Alisema, "Uliniambia nzima, shangazi," basi. Alieleza kwamba diski ya hivi unanyakua kwanza ile sehemu ya ukingoni, kama ilivyo, wakati bado ya baridi, na habari ya picha nzuri inafuata baadaye. Aliomba aachiwe. Bi Asmahani akamwachia, hakumwambia asiangalie. Wiki ile yote alikuwa anaswali na kukaa pale pale kwenye msala. Awadhi alipoirudisha alikuwa ameiweka kwenye bahasha, na alivyompa kwa mikono miwili tukajua imeshindikana.

Kile kilichopatikana Bi Asmahani alikiweka kwenye flashi akakipeleka kwa Mama Swaumu. Hakukaribishwa kukaa. Majidi alichomeka flashi kwenye televisheni, akakaa chini karibu sana na kioo. Alimwona mama yake na macho yake na meno yake, na hina inahesabika. Alicheka mama yake alipocheza. Picha iliposimama mdomo umefunguliwa, alisubiri. Halafu akairudisha nyuma, ikasimama tena pale pale, akairudisha.

Bi Asmahani alikuwa bado amesimama mlangoni.

"Nenda tu, dada," Mama Swaumu alimwambia bila kugeuka. "Flashi yako nitaileta."

Hajaileta, na Bi Asmahani hajawahi kuifuata.