Mkufu Nilioutia Magadi

Juzi sokoni nilimwona muuzaji akisugua jiwe la feruzi kwa pamba yenye spiriti, na pamba ikawa buluu. "Hili limetiwa rangi," akamwambia mteja. Mimi ndiye niliyeona aibu.

Nilipokuwa mtoto, jirani yetu wa Kaloleni, Mama Ndunge, alikuwa akichemsha mawe meupe kwenye rangi ya buluu yafanane na feruzi, kisha akiyapaka nta. Nilipenda sana harufu ya ile nta. Alimtungia mama yangu mkufu wa mawe hayo, wa kuvaa kwenye harusi ya dada yake mama.

Mchana wa kuamkia harusi mama hakuwepo, nami nilitaka mkufu ung'are zaidi. Nilikuwa nimeona magadi yakifanya majani ya kunde yabaki kijani kwenye sufuria, basi nikauchemsha kwa magadi. Maji yakawa buluu, mawe yakabaki meupe kama meno. Nilidhani nimeyaua. Nikaurudisha mkufu kabatini.

"Umenipa takataka, Mama Ndunge!" mama alimfokea jioni. "Kesho nivae nini?" Si haki kusema mama alikuwa mkali, hakuwa na pambo lingine.

"Ni ya rangi, Mama Wambui, nilikwambia tangu mwanzo. Lakini haiwezi kutoka hivi."

Ni kweli, alikuwa amemwambia. Nilisikia.

Mama akanigeukia. "Wewe, uliugusa?"

"Sikuugusa."

Wakanitazama wote wawili. Labda Mama Ndunge alijua, sina hakika.

"Mwache mtoto," akasema. "Makosa ni yangu." Hakukanyaga kwetu tena.