Ukungu Uliomrudisha Martina Kwao

Martina alirudishwa kwao Samuye baada ya miaka ishirini ya ndoa, kwa sababu ya ukungu. Mama mkwe alifunua chungu cha Martina cha michembe, vile viazi vitamu vinavyokatwa na kuanikwa, akakuta imeota ukungu mweupe. "Mwanangu ameoa uchafu!" akapiga kelele majirani wasikie. Maduhu, mumewe, akatazama pembeni. Martina akajitwika chungu chake, akaondoka.

Mwezi uliofuata akapita mtafiti wa kilimo, binti aitwaye Coletha, akichukua sampuli za ukungu wa vyakula vya akiba. Akakwangua kidogo chunguni mwa Martina, akasema atarudi.

Alirudi akihema.

"Shikamoo, mama. Ukungu wako unatoa protini inayoua ukungu mwingine, hata ule wenye sumu unaoharibu karanga na mahindi! Ukipimwa vizuri, huenda siku moja ukalinda maghala. Nitaandika kwamba umetoka kwako, mkweo naye asome. Ila ule niliochukua umetufia maabara. Nipe mwingine."

Martina akageukia chungu chake.

"Nimeosha, mwanangu."

"Chungu chote?"

"Nilisikia unakuja. Nikakisugua kwa majivu, nikakimwagia maji ya moto. Ningekupokeaje na uchafu ule?"

"Na michembe?"

"Nguruwe wamekula."

Coletha akaketi chini bila kutandikiwa. Chungu kilikuwa juani, kinang'aa. Leo hakuna ambaye angemwita Martina mchafu, naye alitamani kukivunja.