Mashine Iliyochomelewa Mezani

Dada yangu ni fundi wa kuchomelea mageti. Ufundi huo nilimfundisha mimi, ingawa mwenyewe anakataa. Miaka yote mgongo ukimuuma anatafuna vidonge vya maumivu kama karanga, mpaka siku presha ilipompanda, akashikwa na kizunguzungu, akaenda kupimwa.

Daktari akamwambia kipimo cha uchujaji wa figo zake ni hamsini na mbili. "Figo nzima tunategemea tisini na kitu. Zikikaa chini ya sitini zaidi ya miezi mitatu, ndipo tunauita ugonjwa sugu. Kipimo kimoja hakitoshi, mama. Acha hivyo vidonge, vinaumiza figo, miezi mitatu ikiisha urudi."

Mwanawe mkubwa alisikia neno figo tu. Jioni hiyo hiyo akatangaza mama apumzike. "Karakana nimeshaipatia mpangaji. Mashine ya kuchomelea nitaiuza."

"Umenizika lini, mwanangu?" dada akamuuliza. "Mbona sikualikwa?"

Asubuhi akaniita. Mimi nikashika, yeye akachomelea: mashine kwenye meza, meza kwenye nguzo ya chuma ya karakana. Cheche zikanitoboa suruali, nikazidi kushika kishujaa. Kijana akaja na pikapu na wabebaji. Wakavuta, wakavuta, mmoja akakaa chini.

"Mjomba, na wewe umo?"

"Mimi nilishika tu."

Miezi mitatu dada alifanya kazi bila kidonge, mgongo ukimchoma, akiyatukana mageti ya watu. Tukarudi hospitali sote watatu. Majibu yakatoka hamsini na moja, na mkojo una protini kidogo.

"Sasa ni sugu," daktari akasema. "Hatua ya tatu, ile nusu yake nafuu."

"Nilisema mimi," kijana akanong'ona.

"Hatua ziko ngapi?" dada akauliza.

"Tano. Ya tano ni chini ya kumi na tano, huko figo zimegoma. Wengi hawafiki huko wakishika dawa ya presha, wakipunguza chumvi na kuja kupima."

"Na kuchomelea?"

"Sijakukataza."

Nikamtuliza dada: mimi shule niliishia la tatu, na nani kaniona nimepungukiwa?

Karakanani kijana akauliza mashine itang'olewaje sasa. Dada akavaa miwani yake myeusi.

"Msumeno wa chuma uko pale ukutani. Nikifika hatua ya tano nitakukabidhi. Sasa hivi sogea, unanizibia mwanga."