Nyumba ya Bulapesa Isiyokuwa na Birika

Harufu ya rangi mbichi ikichanganyika na moshi wa ubani hunirudisha mtaa wa Bulapesa, hata niwe wapi. Juzi nilipita kando ya duka lililokuwa likipakwa rangi, mwenyewe amewasha chetezo mlangoni, nikasimama barabarani nikitabasamu peke yangu. Watu wa Isiolo wana adabu. Waliniacha na wazimu wangu.

Nisikilizeni, basi. Baada ya baba kufariki, mama alitulea mimi na mdogo wangu Hodan kwa nyumba kuukuu. Alinunua iliyochakaa, akaita mafundi, wakabadilisha mabati na milango, wakapaka rangi, kisha akaiuza na kutafuta nyingine. Mafundi walimwogopa kuliko jua. Habari za mkandarasi mwenye leseni hakutaka hata kuzisikia.

"Nyumba ni yangu, matofali ni yangu," alizoea kusema. "Leseni ya nini?"

Ile ya Bulapesa ilikuwa kubwa kuliko zote, na alikuwa ameitia kila alichokuwa nacho. Mzee mmoja mfanyabiashara wa mifugo kutoka Garbatulla alikuwa tayari kuinunua. Ili sebule ipendeze, mama aliwaambia mafundi wabomoe ukuta wa kati. Kisha tukasikia kwamba afisa wa ujenzi anapita mtaani, na anayekarabati nyumba ili auze, bila mkandarasi aliyesajiliwa, anasimamishiwa kazi. Anayerekebisha kidogo nyumba anayoishi mwenyewe hasumbuliwi.

Mama naye si mtu wa kushindwa. Asubuhi hiyo hiyo tukahamia. Magodoro yakatandazwa sebuleni, mapazia yakatundikwa, ubani ukafukizwa kuficha harufu ya rangi, nasi tukaamriwa tukae kama watu waliozaliwa pale. Mimi nilijitahidi sana. Nilipiga hata miayo.

Afisa akaja, mtu wa makamo mwenye kitambi na salamu nzuri. Alitazama mapazia, akatazama magodoro, akaelekea kuridhika. Ilibaki aage tu. Lakini kwetu mgeni haondoki mdomo mkavu, na aibu hiyo mama asingeweza kuibeba. Akaninong'oneza nikimbie kwa jirani nikaombe chai, pamoja na birika na vikombe.

Niliporudi na sinia, afisa alipokea kikombe, akanywa taratibu, kisha akacheka mpaka kitambi kikatikisika.

"Mama, mimi nimezaliwa hapa hapa Isiolo. Sijawahi ona Msomali anahamia nyumba, birika anaacha."

 Mama alijua ameshikwa.

"Kazi isimame," afisa akasema, sasa bila kucheka. "Tafuta mkandarasi mwenye leseni aangalie, ndio uendelee. Na hapa mtu asilale kabla hajakuja."

Nilimchukia mtu yule kwa moyo wangu wote. Tuliyakunja magodoro tukarudi kwa nyanya, tulikokuwa tukiishi, na njia nzima niliwaza kwamba mzee wa Garbatulla ataghairi, nasi tutabaki bila kitu.

Kesho yake mkandarasi akaja. Alipanda ngazi, akachungulia juu ya dari, akashuka upesi na kututoa sote nje. Ukuta uliobomolewa ndio uliokuwa umebeba paa. Boriti kubwa ilikuwa imepasuka, palepale juu ya mahali magodoro yetu yalipokuwa.

Basi akaegemeza nguzo, akajenga upya ilivyotakiwa. Mama alimweleza mnunuzi ukweli wote, na mzee akakubali kusubiri. Tangu hapo mama hakugusa nyumba ya kuuza kabla ya kumwita mkandarasi mwenye leseni. Nyanya alikuwa akimtania: "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Jina la afisa yule sikulijua kamwe, lakini humwombea dua njema mpaka leo.

Ninachokikumbuka zaidi ni jioni ile ya siku ya mkandarasi, baada ya Magharibi, mkekani kwa nyanya. Mama alikaa katikati yetu akitupapasa vichwa, mabega, vidole, akirudia Alhamdulillahi huku machozi yakimtoka. Nilidhani analilia nyumba.

"Hooyo, usilie," nikamwambia. "Utapata ingine."

Akazidi kulia, akanikumbatia mpaka nikakosa pumzi. Ilibidi nizae binti wangu mwenyewe ndipo nielewe kwamba nyumba hakuwa akiikumbuka hata kidogo. Alikuwa anahakikisha kwamba tupo.