Nilivyowalisha wakwe wa Birongo ugali uliolala, kwa mapishi ya Kiitaliano

Wakuu, mko poa? Mimi humu huwa nasoma tu na kupita, leo acha niongee. Hii imenitokea mwenyewe, nyumbani kwetu Nyamache, Kisii, na sijaongeza chumvi.

Kwanza mjue kazi yangu. Mimi ni mpishi.

Nimepikia familia ya Waitaliano kule Malindi kwa miaka, chini ya mama mmoja mkali sana. Ukitupa kipande cha mkate anakuangalia kama umemtusi mzazi wake. Kwake, chakula cha jana ndio mtaji wa leo.

Sasa kwetu mwanaume kuingia jikoni ni aibu. Baba yangu ni mzee wa kanisa, Msabato kindakindaki. Akiulizwa nafanya nini Pwani anajibu, "Yuko kwa hoteli, upande wa ofisi."

Ofisi! Iliniuma kila mara.

Basi nikaja likizo. Jumamosi jua lilipozama, Sabato ikaisha, mama akapika kama ni harusi. Obokima, yaani ugali wetu wa mahindi na wimbi, wali, maharagwe, na managu, zile mboga chungu za majani. Kwaya ya kanisa ilikuwa ije kuimba na kula.

Mvua ikanyesha ile ya kwetu, barabara ikawa matope matupu, hakuna mtu alitokea. Chakula kikalala.

Asubuhi mama akaenda Nyamira kumwona shangazi mgonjwa. Mchana hivi, wageni hao! Wazee wa kijiji cha Birongo, upande wa kijana anayetaka kumuoa dada yangu Kwamboka. Tuliwatarajia Jumapili inayofuata. Mpaka leo kila upande unasema ni ule mwingine ulikosea tarehe.

Baba akaja mlangoni mwa jikoni jasho likimtoka. Unga umeisha. Stima imepotea, posho mill ya kusagia mahindi imefungwa. Kuku ugonjwa ulishawamaliza.

Na kwetu ukimpa mkwe kiporo, ni kama umemwambia aende na asirudi. Kwamboka alikuwa kwa kona analia. Anampenda huyo kijana, si mchezo.

"Baba, niachie jikoni," nikasema.

"Utawapa nini? Chakula cha jana?"

"Wewe piga nao stori."

Hakuwa na lingine, akaenda.

Wakuu, Waitaliano pia wana ugali. Wanauita polenta, na wengi wanapenda ule uliolala. Nikaukata vipande, nikakaanga kwa mafuta moto mpaka ukakauka nje. Juu nikamwaga rojo ya nyanya na kitunguu saumu, iliyoiva polepole.

Wali nikaufinyanga na mayai kuwa mabonge, katikati nikaficha maziwa niliyoyakatisha kwa ndimu yakawa kama jibini, nikaviringisha kwa chenga za mkate, nikatumbukiza kwa mafuta.

Maharagwe nikayaponda nusu, nikavunjia tambi ndani, ikawa supu nzito. Managu nikayapiga na mayai, nikayakaanga yakawa duara nene la kukata kama keki.

Kwamboka alikuwa anachochea moto. Machozi yalishakauka, sasa ni kuonja onja tu mpaka nikamfukuza.

Wageni wakala, baba akiwa nao mezani. Wueh! Wakaongeza, wakaongeza tena, wakafuta sahani na vidole.

Kisha mkubwa wao akajifuta mdomo. "Tumekula vizuri sana. Sasa leteni obokima."

Waliooa kwetu mnajua, bila obokima mtu hajala, hata umchinjie ng'ombe. Na unga hakuna!

Baba akaniangalia. Nikajikaza.

"Mzee, obokima ndiyo hiyo mmemaliza. Ile ya chini ya nyanya. Ilipikwa jana."

Mgeni mmoja akashika kofia yake kama anayetaka kuinuka. Lakini aliyesimama ni baba.

"Huyu ni kijana wangu," akasema. "Kazi yake ni kupika. Anapikia Wazungu, na leo amewapikia nyinyi. Ni chakula cha jana, ndio, na mimi mmeniona nikiongeza."

Jamani, sikuwahi kumsikia akilisema hilo mbele ya watu.

Yule mkubwa akaangalia sahani yake tupu. Akaanza kucheka polepole, mabega yakitingishika, mpaka wote wakashikwa na kicheko.

"Kama jana ya hapa iko hivi," akasema, "huyu msichana hatumwachi." Halafu akaomba mabonge ya wali yaliyobaki afungiwe ampelekee mke wake.

Kwamboka alipiga kigelegele jikoni peke yake.

Walipoondoka, baba aliingia jikoni, akaketi kwa stuli ya mama. "Hiyo ya mchele," akauliza, "ndani uliweka nini?" Nikamwonyesha hatua kwa hatua, na nililia, sitaficha.

Somo langu ni hili. Chakula kilicholala hakina kosa, kosa ni kukipasha tu na kukileta vilevile. Na kazi inayokulisha, iseme kwa jina lake.

Haya, kwenu kumebaki nini kwa sufuria? Andika hapo chini, nikuambie utakachopika leo. Na wewe unayetaka kuniuliza kama mwanaume wa Kisii anapika, muulize baba yangu. Siku hizi anajibu kabla hujamaliza swali.